Kasi Si Sifa ya Kwanza ya Upinde

Ninaandika insha hii kuipinga namba moja. Namba hiyo ni 400. Niliikuta imechapwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi ya mauzo ya upinde wa mtambo, yaani ule upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki na kufyatuliwa kwa kidole kimoja. Karatasi ilisema kwamba mshale wake huenda futi 400 kwa sekunde. Kila kijana aliyeiona hapa Awindiri aliisoma namba hiyo kwa sauti, kisha akapiga mluzi. Nami nilipiga mluzi. Leo nasema kwamba anayechagua upinde kwa namba hiyo hajachagua kitu. Muuzaji ndiye aliyemchagua yeye.

Nieleze kwanza nilivyoingia katika jambo hili, maana sisemi kama mtu asiye na hatia. Mwaka jana, wakati wa likizo, mfanyabiashara mmoja wa mjini Arua aliniita dukani kwake. Jina lake na la duka nayahifadhi. Biashara yake hasa ni vipuri vya pikipiki, lakini safari hiyo mzigo wake ulikuja na pinde tatu za mtambo. Alitaka kuwauzia wenye mashamba wanaopenda kulenga shabaha. Wateja wake wengi hutoka Ariwara, upande wa Kongo, na wengine hupitia Koboko wakitoka Sudan Kusini. Watu hao huelewana naye kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza. Alijua kwamba ninasoma Kiswahili chuoni, basi akanipa karatasi nne nizitafsiri kwa shilingi 60,000.

Karatasi tatu zilikuwa za sifa. Ya nne ilikuwa ya maonyo. Ilisema usifyatue upinde bila mshale. Ilisema uukague uzi kila mara kabla ya kuutega. Ilisema usitembee nao ukiwa umetegwa. Na ilisema, kwa herufi nzito, kwamba mkono unaoshika upinde kwa mbele ubaki chini, wala kidole gumba kisipande juu ya mfereji ambamo mshale hulala, kwa sababu uzi hupita hapo.

"Mwalimu," mfanyabiashara akaniambia, "hiyo ya nne iache. Mtu akisoma mambo ya vidole atakimbia. Wewe niwekee ile kasi juu kabisa."

"Sawa, mzee," nikajibu.

Nikapokea pesa zangu, nikanunua vocha na kulipa deni la chumba. Baada ya wiki mbili hivi, kijana anayefanya kazi pale dukani, ambaye ana umri wa miaka 19, alimwonyesha mteja jinsi upinde unavyopiga. Walikuwa uani, wakilenga magunia ya mchanga. Kijana yule alikuwa ameisoma karatasi yangu, tena aliisoma vizuri. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya mfereji. Mshale ulikwenda ulikotakiwa, na uzi ukaondoka na ncha ya kidole. Alipelekwa hospitali kwa bodaboda, mkono umefungwa kwa shati. Amepona, lakini mpaka leo hawezi kukaza nati ndogo kwa mkono wa kushoto, na kazi yake ni ya nati ndogo.

Nilipokwenda kumwona aliniuliza, "Kaka, hilo la kidole lilikuwapo kwenye karatasi ya Wazungu?" Nikamwambia lilikuwapo. Hakusema kitu kingine. Tangu siku hiyo nimesoma sana kuhusu pinde hizi. Nimeona kwamba kasi ni kati ya mambo ya mwisho ya kuuliza, na kwamba kasi yenyewe ndiyo inayoyaficha mambo ya kwanza.

Tuanze na namba yenyewe. Futi 400 kwa sekunde ni karibu mita 122. Je, ni kasi ya mshale upi? Kiwanda hupima kwa mshale wa uzito kinachouchagua chenyewe, na mshale mwepesi hutoka kwa kasi zaidi. Ukiuweka mshale mzito kwenye upinde uleule, namba itashuka. Mnunuzi atadhani ameibiwa, kumbe pengine amefaidika. Chukua mshale wa gramu 26 unaotoka kwa mita 122 kwa sekunde. Nishati yake ni karibu jouli 193. Sasa chukua mshale wa gramu 34 uliosukumwa kwa nishati ileile. Utatoka kwa mita 107 hivi kwa sekunde, yaani futi 350. Kwenye karatasi ya mauzo umepoteza futi 50. Lakini ukizidisha uzito kwa kasi, kama tulivyofundishwa sekondari, mshale mzito umebeba msukumo mkubwa zaidi kwa karibu asilimia 14, na msukumo huo ndio unaousaidia kupenya mfupa na nyama. Upinde kusukuma mshale mzito kidogo pia hautikisiki wala haupigi kelele kama unaposukuma mwepesi. Basi namba ilishuka, na kazi ikawa bora. Hiyo ni namba gani ya kumwongoza mtu?

Twende kwenye sauti. Wauzaji husema kwamba upinde wa kasi humpiga mnyama kabla hajajua. Si kweli, na hesabu yake ni ya darasa la saba. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 40 mbele yako, mlio wa uzi humfikia baada ya sekunde 0.12. Mshale wa futi 400 humfikia baada ya sekunde 0.33. Katikati hapo ana moja ya tano ya sekunde, naye ni mnyama ambaye maisha yake yote ni kusikiliza. Huinama ili aruke, na mshale uliolengwa moyoni hupita juu au humchana mgongo. Basi ongeza pesa ununue upinde wa futi 500. Bado mlio unamfikia kwanza, na bado ana sekunde 0.14. Lakini rudi kwenye upinde wa futi 400, utambae mpaka mita 20. Muda wake unashuka hadi sekunde 0.11 hivi. Kutambaa mita 20 kumekupa faida kubwa kuliko futi 100 za dukani, na kutambaa hakuuzwi.

Babu yangu alilijua hili bila hesabu. Alizaliwa Terego, na ujanani mwake aliwinda kwa upinde wa mkono wakati wa kiangazi, nyasi zilipochomwa. Upinde wake ulikuwa mti na kamba ya ngozi. Nilipomweleza habari ya futi 400 alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mtu mwenyewe anasimama wapi?" Nilidhani hajanielewa. Nilimweleza tena, naye akauliza tena swali lilelile. Kwake swali la upinde lilikuwa swali la umbali, la upepo unaopeleka harufu ya mtu kwa mnyama, na la subira. Aliniambia kwamba mtu aliyempiga mnyama vibaya alilazimika kumfuata mpaka ampate, hata kama ni siku mbili, na kwamba aliyerudi nyumbani bila kumfuata hakuitwa tena kwenda mwituni.

Mtu asiseme kwamba nasifu ya kale kwa sababu tu ni ya kale. Upinde wa zamani ulikuwa na nguvu nao. Waata wa eneo la Tsavo nchini Kenya, ambao vitabu vya kikoloni viliwaita Waliangulu, walivuta pinde zenye uzito wa pauni 100 na zaidi, wakaangusha tembo. Hata hivyo hawakutegemea kasi. Walitegemea sumu ya msunguti iliyopakwa kwenye chembe ya mshale, na walitegemea kumsogelea tembo mpaka waone mahali pa kumchoma. Wapiga upinde hodari kuliko wote katika Afrika ya Mashariki waliweka nguvu yote ile katika mikono yao, na bado wakaona kwamba kusogea karibu ni lazima. Sisi tumenunua mtambo wa kiwandani, tukadhani kwamba kusogea karibu si lazima tena.

Jambo la tatu ni mahali kasi inakotoka. Hakuna kasi ya bure. Upinde wa mkono huvutwa hadi karibu na shavu, kwa hiyo uzi husafiri njia ndefu ukiusukuma mshale. Katika upinde wa mtambo njia hiyo ni fupi, mara nyingi inchi 10 hadi 17. Ili kasi kubwa ipatikane katika njia fupi, mikono ya upinde lazima iwe migumu mno. Nguvu ya kuutega hufika pauni 150 hadi 200, yaani kilo 68 hadi 91. Mfuko wa saruji una kilo 50. Ndiyo sababu pinde hizi hutegwa kwa kamba yenye vishikio, ambayo hupunguza kazi kwa nusu, au kwa mkono wa kuzungusha. Nguvu hiyo yote ikishaingia ndani hukaa pale ikingoja kidole kimoja. Ukifyatua bila mshale, nguvu hukosa kitu cha kusukuma, ikairudia mikono ya upinde na kuipasua. Pinde nyingi za aina hii zikishategwa huwezi kuzilegeza ila kwa kupiga mshale chini au kwenye shabaha. Kadiri kasi inavyopanda ndivyo hayo yote yanavyozidi. Kwa hiyo aliyeandika 400 kwa wino mwekundu, kisha akaniambia niache karatasi ya nne, aliuza nusu ya upinde. Nami nilimsaidia kuuficha nusu uliobaki.

Nusu hiyo ndiyo inayofaa kuulizwa dukani. Je, kuna kinga pembeni inayozuia kidole kupanda juu ya mfereji? Je, kuna kizuizi kinachokataa kufyatua kama mshale haumo? Je, kamba ya kutegea imo ndani ya boksi, au nitainunua mbali? Upinde una uzito gani, nami nitaushika kwa muda gani bila mkono kutetemeka? Kifyatulio ni laini, au kinakwama halafu kinaruka na kuharibu shabaha? Uzi ukikatika, nani hapa Arua ana mwingine, na nani anajua kuubadilisha? Swali hilo la mwisho tu lingetosha kuiangusha namba 400. Uzi wa upinde huu ni kitu cha kuisha. Huhitaji kupakwa nta, hulika taratibu, nao huumia ukiachwa kwenye gari lililofungwa wakati wa jua la Januari. Upinde wa futi 400 usio na uzi wa akiba una kasi ya kipande cha ubao.

Jambo la nne ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Utapiga nini? Nchini Uganda mnyama wa mwituni si wa yule aliyemwona. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inamtaka anayetaka kuwinda awe na haki aliyopewa kwa kibali, na kwa spishi zilizo hatarini kutoweka adhabu inaweza kufika faini ya shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Waata niliowataja walikuwa wameishi kwa upinde vizazi na vizazi. Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa mwaka 1948 wakaitwa majangili, na katika miaka ya 1950 wengi wao walikamatwa. Unaweza kusema walionewa, na hata mimi naona hivyo. Lakini hapo pana funzo kwetu. Kama ustadi wao haukuwaokoa mbele ya sheria, namba yako ya dukani itakuokoaje? Kijana wa Awindiri anayenunua upinde wa uwindaji bila kibali cha kuwinda amenunua kesi.

Sasa nijibu hoja za wenzangu, maana tumezijadili hosteli hadi usiku.

Wa kwanza anasema kwamba kasi ina faida ya kweli: mshale wa kasi huenda njia iliyonyooka, kwa hiyo mtu akikosea kukadiria umbali hapotei sana. Nakubali. Hiyo ni hoja nzuri kuliko zote za upande wake. Mshale unaochukua theluthi ya sekunde kufika mita 40 hushuka karibu nusu mita njiani, na wa polepole hushuka zaidi. Lakini angalia hoja hiyo inamsaidia nani. Inamsaidia mtu asiyejua umbali. Dawa ya kutojua umbali ni kupima kwa hatua na kufanya mazoezi kwenye shabaha, au kujizuia kupiga usipokuwa na hakika. Tena kasi hiyohiyo ina adhabu yake: chembe yenye mabawa mapana ikirushwa kwa kasi mno hushika upepo na kuupotosha mshale, mpaka ibadilishwe au irekebishwe. Kasi inapunguza kosa moja na kuleta jingine.

Wa pili anasema kwamba kasi ni huruma, kwa sababu mnyama hufa haraka. Mnyama hafi haraka kwa sababu mshale ulikuja haraka. Hufa haraka kwa sababu chembe ilikuwa kali na ikafika kwenye moyo au mapafu. Mshale wa futi 400 uliopita tumboni humwacha mnyama ateseke vilevile kama wa futi 200. Anayeijali huruma asitazame namba ya kasi, atazame ukali wa chembe na uthabiti wa mkono wake. Na kama hataki mnyama afe kabisa, nafasi ya hoja hiyo ni kwenye swali la kibali, wala sitabishana naye.

Wa tatu, ambaye ni rafiki yangu mkubwa, anauliza haya yanahusu nini masomo ya Kiswahili. Hili ndilo lililonifanya niandike. Nilipoanza kutafsiri zile karatasi nililalamika, kama tunavyolalamika wengi, kwamba Kiswahili hakina maneno. Baadaye nilifungua kamusi kwa utulivu. Nikakuta upote, yaani uzi wa upinde. Nikakuta wano, yaani ule uti wa mshale kabla haujatiwa ncha. Nikakuta chembe, ambayo ni ncha yenyewe, na podo, mfuko wa kuwekea mishale. Wazee walioyaweka maneno hayo waligawa upinde na mshale katika sehemu ambazo mtu lazima azikague, na kila sehemu wakaipa jina lake. Ukosefu ulikuwa katika karatasi ya Kiingereza. Ilikuwa na kurasa tatu za kasi, na sehemu zote hizo ikazirundika kwenye ukurasa mmoja wa mwisho, kwa herufi ndogo isipokuwa lile onyo la kidole. Na ukurasa huo ndio nilioutupa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini karatasi ya mauzo haitembei peke yake. Huko ilikotoka hutembezwa na wachoraji, na hapa kwetu hutembezwa na watafsiri, yaani sisi. Dawa za kunyunyizia mihogo, mitungi ya gesi, betri za sola, misumeno ya umeme, vyote hivi vinaingia Arua na karatasi zake, na kila moja ina ukurasa wa nne. Leo mtu analipa shilingi 60,000 ili sifa zitafsiriwe. Hakuna anayelipa ili maonyo yatafsiriwe. Mwanafunzi mwenye deni la chumba atasema sawa, mzee. Najua, kwa sababu mimi nilisema.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wangu. Katika somo la tafsiri tumefanya hotuba, tumefanya hadithi, tumefanya habari za magazeti. Tupeni pia karatasi za maonyo, na mtusahihishe kwa ukali, kwa sababu kosa la tafsiri katika hadithi humkera msomaji, na kosa katika karatasi ya maonyo hukata kidole. Na kwa wenzangu nasema hivi: akija mtu na karatasi nne akataka tatu, mrudishieni zote nne.

Mimi nimeshaitafsiri ile ya nne, bila malipo. Nilipeleka nakala moja dukani, na mfanyabiashara akaipokea akaiweka chini ya kaunta. Sijui kama ameitoa. Nakala ya pili nilimpa yule kijana. Ameibandika ukutani juu ya meza yake ya kazi, kwa gundi ya viraka, na katika ile pinde mbili zilizobaki, hakuna mtu anayeruhusiwa kushika mmoja kabla hajaisoma kwa sauti mbele yake. Wanaanza na mstari wa kidole. Kasi wanaiuliza baadaye, kama bado wanaikumbuka.